Tusilipe Kioo cha Simu Kabla ya Kukipima
(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo)



Leo tunazungumza juu ya kioo cha simu. Msishangae. Siku hizi fedha za mazao, akiba ya kikundi na salamu za watoto walio mbali hupitia kwenye simu. Kioo kikiharibika, mambo mengi husimama.

Tuanze na jambo tulilolishuhudia. Simu ya kikundi kimoja cha kuweka na kukopa ilivunjika kioo. Mama mweka hazina akatumwa mjini na fedha za kikundi. Fundi akamwambia, "Hiki ni orijino, mama." Akalipa bei ya orijino. Mwezi wa pili, sehemu ya chini ya kioo ikaacha kusikia kidole. Wenzake wakaanza kunong'ona. Wakasema amenunua cha bei ndogo, na fedha iliyobaki ameila.

Tulipoitwa kusuluhisha tulimwuliza, "Risiti iko wapi, mama?" Akainama. "Mwalimu, niliona haya kumwambia fundi aandike." Jamani! Kusoma anajua, kuandika anajua, lakini hakuwa na karatasi ya kumtetea.

Basi, kioo halisi ni kipi? Ni kile kinachotoka kwa kampuni iliyotengeneza simu, au kwa kiwanda kinachoitengenezea vioo. Kopi hutengenezwa na kiwanda kingine kwa kuiga. Fundi akisema wazi kwamba ni kopi, na bei ikawa ya kopi, hajatudanganya. Udanganyifu ni kuuza kopi kwa bei ya kioo halisi. Wala tusitegemee boksi na nembo. Navyo huigwa.

Wengine hubonyeza *#06#. Hiyo huonyesha namba ya utambulisho ya simu. Namba hizo ndizo zilizotumika hapa Tanzania mwezi Juni 2016, simu bandia zilipozimwa. Lakini namba hiyo ni ya simu yenyewe. Haisemi lolote juu ya kioo.

Tufanye hivi, mbele ya fundi, kabla ya kulipa:

Kwanza, tujue simu yetu ilitoka kiwandani na kioo cha aina gani. Ziko aina mbili kubwa. Katika OLED, au AMOLED, kila nukta huwaka yenyewe. Katika LCD, taa huwa nyuma ya kioo. Aina zote mbili ni halali. Lakini simu iliyokuja na OLED ikiwekewa LCD, hicho si kioo chake.

Pili, tufungue picha nyeusi tupu, tuongeze mwanga, kisha tujifunike kanga pamoja na simu. OLED huwa nyeusi kama imezimwa. LCD hutoa mwanga wa kijivu. Lakini tukumbuke, ziko pia kopi za OLED. Kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakitoshi.

Tatu, tuandike herufi zote, a hadi z. Kisha tushike alama moja ya programu kwa kidole, tuiburute polepole mpaka kila pembe. Ikiponyoka mahali pale pale kila mara, kioo kina kasoro.

Nne, tupitishe ukucha ukingoni. Kioo kisiinuke, wala mwanga usivuje pembeni.

Tano, kama simu husoma alama ya kidole chini ya kioo, tuijaribu. Kopi nyingi hushindwa hapo.

Simu nyingi za Samsung Galaxy hufungua ukurasa wa majaribio ukibonyeza *#0*#. Hapo utapima rangi na mguso. Mwenye iPhone 12 au ya baadaye, yenye programu iliyosasishwa, afungue mipangilio, sehemu inayoeleza habari za simu. Kama kioo kimebadilishwa, simu huandika hapo kama inakitambua kuwa halisi au la.

Sita, na hili ndilo kubwa, tudai risiti. Iandikwe jina la simu, aina ya kioo, neno "halisi" au "kopi", bei, tarehe na muda wa dhamana. Fundi akikataa kuandika "halisi", ametujibu. Tuchukue simu yetu, tuage kwa heshima.

Ndugu zetu, wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tulijifunza kuandika ili kalamu itulinde, si kwa ajili ya mtihani tu. Kumwomba mtu aandike si kumtukana.

Yule mama? Fedha ya kwanza haikurudi. Kikundi kilipokubali kununua kioo kingine, alichagua kopi, kwa bei ya kopi, akapima kila pembe. Safari hii alirudi na risiti. Akaisoma mkutanoni kwa sauti, neno kwa neno, na wote wakasikia.

Elimu haina mwisho.