Shefu, Komisyonere ao Barua: Tupite Njia Gani?



Leo naongea juu ya karatasi moja tu: akte ya kuzaliwa ya mtoto. Sheria ya familia, vile ilirekebishwa 2016, inawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto, bure. Siku zikipita, mnatumwa tribinali kutafuta hukumu, na pale makuta inaanza kutoka.

Sasa tuangalie vile tunachaguaka njia. Makobola yetu iko mlangoni mwa teritware ya Fizi. Uvira iko karibu, lakini kiserikali si kwetu. Fizi yenyewe ni mbali. Basi wengi wanaenda kwa shefu wa kijiji. Shefu anatujua, anaandika mbio, lakini atestasyo yake si akte.

Wengine wanapita kwa komisyonere. Msiwacheke. Mtu anahesabu: tiketi ya kwenda na kurudi, siku mbili bila shamba ao bila mtumbwi, kisha afisa anamwambia "rudi kesho." Komisyonere anaitikaga simu. Bei yake inajulikana. Ile "bure" ya sheria ndiyo haina mwisho! Mimi nina lisansi, kazi sina, na hesabu hiyo siwezi kuibisha.

Lakini kwetu hapa karatasi hii ina uzito. Vita na mauaji ya mwisho wa 1998 vilisukuma watu wetu kuvuka ziwa. Wengi waliishi Nyarugusu, Tanzania. Wakirudi na watoto, swali ni: wewe Mkongomani wa wapi? Mkubwa anaonyesha karte ya uchaguzi. Mtoto wa miaka 7 aonyeshe nini?

Iko njia ya ine, tunaisahauka. Katiba, kifungu cha 27: kila Mkongomani, peke yake ao pamoja na wengine, anaweza kuandikia serikali ombi, nayo inajibu katika miezi 3. Sisi tunaomba kitu kimoja: afisa wa eta sivili aje hapa na kitabu chake, siku ya soko.

Barua iko kwa meza ile. Asiyejua kuandika aweke kidole. Tutapeleka nakala mbili, moja irudi na muhuri na tarehe ya kupokelewa, juu bila tarehe hiyo miezi 3 haihesabiwi. Makomisyonere nao wakaribie, sahihi yao tunaitaka.