Usipa, sembe na kidonge cha damu

Ruvuma inalima mahindi ya kulisha mikoa mingine. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya watoto wake walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Ghala limejaa, msikilizaji. Tatizo liko sahanini.

Huku Ngaka na milimani Mbinga mtoto hushibishwa ugali wa sembe, mahindi yaliyokobolewa mpaka kiini kikatoka na madini yake. Ziwani, Mbamba Bay, wanaanika usipa. Samaki huyo huliwa mzima, kichwa na mifupa, akatoa protini, kalsiamu, zinki na madini ya chuma kwa mpigo. Konzi moja kwenye mboga ya mtoto ingefaa kuliko bakuli la pili la ugali, kwa maoni yangu.

Sasa vidonge vya kuongeza damu. Mjamzito huvipata kliniki, vina chuma na foliki asidi. Akifika nyumbani anavimeza kwa chai ya rangi, au kwa kahawa, na hapa Mbinga kahawa haikosekani. Vinywaji hivyo huzuia chuma kisifyonzwe vizuri. Ameze kwa maji, ale na chungwa, maana vitamini C husaidia. Chai isubiri kama saa mbili. Choo kikiwa cheusi asishtuke, kwani ni hicho chuma tu, lakini kinamama wengine huacha dozi kwa hofu hiyo bila kumuuliza muuguzi.