Picha Kwanza, Mionzi Baadaye

Hotuba iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili



Katika ziara zetu sharikani, swali moja limejirudia: kwa nini mgonjwa mwenye saratani ya mgongo apigwe picha tena na tena, wakati ugonjwa umeshajulikana na alichofuata ni mionzi?

Ni swali la haki, maana fedha ni zenu. Pingili za mgongo zimezunguka ugwe wa mishipa ya fahamu ushukao kutoka kwenye ubongo. Saratani ikiingia kwenye pingili, kati yake na ugwe huo mara nyingi hubaki milimita chache tu. Mionzi ikikosa shabaha, uvimbe hubaki palepale. Mionzi mikali ikiangukia ugwe, mtu anaweza kupooza.

Kwa miaka mingi mgonjwa alilazwa kwa kufuata alama za wino mwilini. Lakini ngozi si mfupa. Huteleza, na mgonjwa hukonda. Mwaka 1995 madaktari wa Arizona, Marekani, waliripoti njia ya kubana fremu kwenye mifupa yenyewe ya mgongo ili mgonjwa asisogee. Fikirini maumivu yake! Mwaka 2002 David Jaffray na wenzake huko Michigan walieleza njia nyepesi zaidi kwa mgonjwa: mashine ya mionzi yenyewe ibebe eksirei, imzunguke akiwa amelala mezani, na itoe picha ya mwili kwa pande zote, inayofanana na ya CT.

Picha hiyo hulinganishwa na ile ya CT iliyotumika kupanga tiba. Pale penye meza ya kisasa, meza husogezwa na hata kuinamishwa kidogo mpaka picha mbili zikubaliane. Kwa mionzi mikali, lengo ni kutopotea zaidi ya milimita moja au mbili, na picha hurudiwa katikati ya tiba, maana mtu husogea bila kujua. Jambo jingine, ambalo sisi wenyewe hatukulitarajia: pingili hufanana. Picha fupi inaweza kukubaliana vizuri kabisa na pingili ya jirani, kwa hiyo wataalamu huzihesabu.

Hatusemi kila mgonjwa anahitaji mitambo hiyo yote. Utafiti wa Canada na Australia uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha Gray 24 kwa mara mbili na Gray 20 za kawaida kwa mara tano. Baada ya miezi mitatu maumivu yalikuwa yamekwisha kabisa kwa asilimia 35 ya waliopata mionzi mikali, na asilimia 14 ya wengine. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 haukuona kwamba Gray 16 au 18 za mara moja hupunguza maumivu kuliko Gray 8 za mara moja. Gray 8 ni dozi ndogo, haihitaji usahihi wa milimita. Picha mbili za eksirei, ya mbele na ya ubavuni, zaweza kutosha kuonyesha kuwa pingili ni yenyewe. Wafadhili wanaotamani kutununulia mitambo tunawaomba walipime hili kwanza.

Kosa moja ni letu. Tulimpandisha mzee mmoja basi kwa safari ya usiku kucha, bila dawa ya maumivu ya kutosha, na picha zake za awali zikabaki nyumbani kabatini. Alipolazwa chali hakuweza kutulia hata dakika tano. Picha zilikataa kulingana, akarudishwa wodini. Binti yake alitupigia simu akilia, nasi hatukuwa na jibu.

Tangu siku hiyo hatulipi nauli kabla muuguzi hajathibitisha kwamba mgonjwa anaweza kulala chali kwa nusu saa, hata ikibidi kwa mofini ya maji. Bahasha ya picha zote husafiri na msindikizaji.

Wanakamati, mgonjwa wa saratani akianza kulegea miguu, au kushindwa kuzuia mkojo, msingoje kikao. Mpelekeni hospitali siku ileile, kisha mtupigie simu. Nauli ya dharura tutairudisha kwa stakabadhi, hata kama fungu la robo hiyo limekwisha.