Dalali wa Nyumba na Sheria ya Ubaguzi



Mimi si mwanasheria, ni karani tu. Lakini wengi wetu hupangisha nyumba, na wengine ni madalali.

Wazee wanakumbuka jinsi Nairobi ya wakoloni ilivyogawanywa kwa rangi: Wazungu Muthaiga, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika Pumwani, Kaloleni na Ziwani. Hati za viwanja vingi zilikuwa na sharti kwamba asiye Mzungu asikae humo, ila akiwa mtumishi wa nyumbani.

Masharti yale yamekwisha. Lakini mwaka jana nilitafuta nyumba, na dalali alinikaribisha vizuri kwa simu mpaka aliposikia jina la baba yangu. Hapo akasema, "Pole ndugu, imekwisha kuchukuliwa." Siku ya nne mwenzangu wa kazini, mtu wa kabila lingine, akaonyeshwa nyumba ile ile. Nikanyamaza, jambo ninalolijutia.

Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 27, haikuifunga Serikali peke yake. Yakataza pia mtu kumbagua mwenzake, kwa wazi au kwa kificho, kwa sababu ya asili ya kabila, dini, ulemavu, ndoa, mimba, hata mavazi. Neno hilo "mtu" lamshika mwenye nyumba, lamshika na dalali vilevile, asiseme alitumwa. Hata kabla yake, sheria ya Uwiano na Utangamano ya mwaka 2008 ilikwisha kukataza ubaguzi wa kikabila katika mambo ya mali, na Tume iliyowekwa na sheria hiyo hupokea malalamiko. Kule Marekani sheria ya mwaka 1968 yautaja uongo huu wenyewe: kumwambia mtu, kwa ajili ya rangi yake, kwamba nyumba haipo, nayo ipo.

Si kila kukataliwa ni ubaguzi, tusidanganyane. Dalali ana haki ya kuuliza kama mtu aweza kulipa kodi, na kudai amana. Ila amwulize kila mtu maswali yale yale, na majibu ayaandike pamoja na tarehe. Na mwenye nyumba akimnong'oneza, "Usiniletee watu fulani," amjibu pale pale kwamba kazi hiyo haiwezi, ijapokuwa atakosa ujira wake. Najua ni vigumu. Mwezi una kodi yake na watoto wana karo.

Naiomba Kamati iweke daftari kwa Katibu, ili mwanachama aliyefukuzwa mlangoni aandikishe siku, mahali na maneno aliyoambiwa. La kwanza litakuwa langu.