Mtafutaji na Waalimu Wake: Safari ya Salman al-Farisi



Nilipoombwa nizungumzie watu waliomtafuta Mungu kutoka dini hadi dini, wenzangu idarani walidhani nitamleta Gandhi au Tolstoy. Nimemleta Salman al-Farisi. Wengi wenu mlimsikia mkiwa madrasa, na jambo tulilolisikia utotoni aghalabu hatulichunguzi tena ukubwani. Tena naona anasimuliwa nusu: kwamba alipotea huku na huku, mwishowe akaipata njia. Simulizi yenyewe haisemi hivyo.

Imepokewa na Ibn Abbas kutoka kwa Salman, nayo imo katika Musnad ya Imamu Ahmad na katika Sira ya Ibn Ishaq. Kijana wa Kiajemi, wa upande wa Isfahan, ana baba mkubwa wa kijiji anayempenda hadi kumfungia ndani kama mwari. Kazi yake ni kuuchochea moto wa Majusi usizimike. Siku moja baba anashikwa na shughuli, anamtuma shambani. Njiani kijana anasikia Wakristo wakisali kanisani. Anaingia, anakaa nao mpaka jua linazama, na shambani hafiki. Baba anamtia pingu miguuni. Anazivua, anafuatana na msafara wa Shamu.

Huko anaomba kumtumikia askofu, na askofu huyo ni mwizi. Anahimiza watu watoe sadaka, kisha anajilimbikizia: mitungi saba ya dhahabu na fedha. Alipokufa, Salman aliwaonyesha waumini ile mitungi, nao wakakataa kumzika. Sasa tazameni alichofanya kijana. Alikuwa na kila sababu ya kusema kwamba dini yote ni biashara, akarudi kwa baba yake. Alibaki palepale, akamtumikia askofu aliyefuata, na uzeeni alimsifu kuwa hakupata kuona mtu aliyeipa dunia kisogo kama yule.

Askofu huyo alipokuwa anakata roho, Salman alimwuliza anamwachia nani. Akaelekezwa kwa mtu wa Mosul. Wa Mosul naye alipofikwa na mauti alimwelekeza Nasibin, na wa Nasibin akampeleka Ammuriya, katika nchi ya Warumi. Wa mwisho alikiri kwamba hamjui mtu yeyote aliyebaki wa kumkabidhi. Akamwambia zama za mtume zimekaribia, atahamia nchi ya mitende iliyo kati ya nyanda mbili za mawe meusi. Anakula zawadi wala hali sadaka, na kati ya mabega yake pana muhuri.

Hoja yangu ya kwanza jioni hii ni hii. Waliomwelekeza Salman Madina, mmoja baada ya mwingine, walikuwa Wakristo, na simulizi ya Kiislamu inawataja kwa heshima. Anayeitumia kuwadharau Wakristo hajaisikiliza. Jambo la pili lanigusa zaidi kama mwalimu: Salman hakuonja dini na kuondoka. Kila mlango aliobisha alikaa hapo akitumika hadi mwenye nyumba alipofariki. Siku hizi mtu anahama kanisa kwa sababu ya vipaza sauti, na msikiti kwa sababu hotuba ni ndefu, kisha anatuambia yuko safarini kiroho.

Na safari yake iligharimu. Ammuriya alikuwa amefanya kazi akapata ng'ombe na kondoo. Akawapa wote wafanyabiashara wa kabila la Kalb wamfikishe Arabuni. Walipofika Wadi al-Qura wakamuuza. Hadithi moja katika Bukhari inasema alipita mikononi mwa mabwana zaidi ya kumi. Kwa sisi wa pwani, habari ya mtu huru aliyeuzwa na wenye msafara haihitaji maelezo.

Mwishowe alinunuliwa na mtu wa Banu Qurayza, akapelekwa Madina. Siku moja yuko juu ya mtende, bwana wake ameketi chini. Anakuja binamu wa bwana akiwalaani watu wa Quba, kando ya Madina, kwa kumzunguka mgeni kutoka Makka anayesemwa ni nabii. Salman alitetemeka hata akadhani atamwangukia bwana wake. Akashuka, akauliza: habari gani hiyo? Jibu lilikuwa ngumi nzito, na amri ya kurudi kazini.

Jioni alikusanya chochote alichokuwa nacho, akaenda Quba, akakitoa kama sadaka. Mtume (S.A.W.) aliwapa wenzake, yeye hakugusa. Safari nyingine akaleta kama zawadi. Akala pamoja nao. Muhuri aliuona baadaye, huko Baqi, makaburini Madina, penye mazishi. Yaani hata mbele ya aliyemtafuta umri mzima, Salman alipima kwanza kwa vipimo alivyopewa na mwalimu wake wa Ammuriya. Uhuru wake uligharimu miche 300 ya mitende na uqiya 40 za dhahabu, na masahaba walimchangia miche. Mwaka 627, kwa shauri lake, Madina ikachimbiwa handaki la kuwazuia maadui.

Wapo wanahistoria wanaoitilia shaka sehemu ya simulizi hii, na haki yao. Mwanazuoni Mfaransa Louis Massignon, aliyeurudia Ukatoliki wake akiwa Iraki mwaka 1908, alichapisha utafiti juu ya Salman mwaka 1934. Naye alikuwa mtu aliyeguswa na Mungu akiwa miongoni mwa watu wa dini nyingine.

Uzeeni Salman alitawala Madain, penye kasri la wafalme wa Uajemi aliowaacha. Inasimuliwa kwamba posho yake aliigawa sadaka, akala kwa kusuka majani ya mitende: ananunua kwa dirhamu moja, anauza kwa tatu, moja ya mtaji, moja ya nyumbani, moja ya sadaka. Kaburi lake liko Salman Pak, kusini ya Baghdad.

Wanafunzi wangu, msinisadiki mimi. Isomeni simulizi nzima, Waislamu na Wakristo pamoja, kisha mje ofisini tubishane.