Mjue Anayeigeuza Hasira Yako
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kapsoit)



Sisi wa reli twashukuru kualikwa Kapsoit. Leo hatukuja na habari za mishahara. Twataka kusema juu ya kazi moja ambayo vyama vyetu huidharau, nayo ni kazi ya kumsoma mpinzani.

Katika siasa husemwa kuna watu wa kushoto na watu wa kulia. Maneno haya yalitoka Ufaransa mwaka 1789. Katika baraza lao, waliotaka mfalme abaki na nguvu zake waliketi upande wa kulia wa mwenyekiti. Tangu hapo, wa kulia ni wale wasemao kwamba mali na amri zikae palepale zilipo.

Sasa sikieni habari ya Marekani. Mwaka 1980 chama cha waongoza ndege kilimuunga mkono Ronald Reagan katika uchaguzi. Mwaka 1981, mwezi wa Agosti, waongoza ndege hao waligoma. Baada ya siku mbili tu Rais Reagan akawafukuza zaidi ya 11,000. Walimpa kura mtu ambaye hawakumsoma vizuri.

Mwaka huohuo wa 1981, mama mmoja, Jean Hardisty, aliyekuwa mwalimu wa elimu ya siasa, alianzisha kikundi kidogo katika mji wa Chicago. Mwaka 1987 kikahamia upande wa Boston, nacho huitwa Political Research Associates. Kazi yake ni kuwachunguza watu wa kulia. Wanasoma magazeti na vijitabu vyao, wanakwenda mikutanoni kwao, wanaandika nani alisema nini, na fedha zatoka wapi. Hawawaiti wapinzani wao wajinga wala wendawazimu, maana ukimwita mtu mwendawazimu huwezi kumsoma tena.

Kazi hiyo ilifika hata kwetu. Mwezi wa Machi 2009 Wamarekani fulani walihutubia mkutano Kampala juu ya wanaume na wanawake wapendao wa jinsia yao. Padre mmoja Mwanglikana kutoka Zambia, Kapya Kaoma, aliketi humo akasikiliza, kwa ajili ya kikundi hicho. Mwezi wa Oktoba mswada ukaletwa Bungeni Uganda, wenye adhabu ya kifo ndani yake. Taarifa ya Kaoma ya mwaka ule ilionyesha jinsi ugomvi wa makanisa ya Marekani ulivyoletwa Uganda, Kenya na Nigeria. Ndugu, kila mmoja wetu ana imani yake, nasi hatukuja kuhubiri. Twauliza tu: mgeni akikuletea adui wa kumchukia, je, hupaswi kujua nani alimlipia nauli?

Mama Hardisty aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1999 kwamba watu wa kulia hushika hasira ya wananchi, iliyo hasira ya kweli, wakaielekeza kwa watu wengine. Jambo hili sisi hatuhitaji kusomewa. Mwanzo wa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, wachuma chai wenzetu wa makabila mengine walishambuliwa katika mashamba ya Kericho, nyumba zao zikachomwa moto. Mkono uliochuma pamoja nawe asubuhi ukawa adui jioni. Je, mshahara uliongezeka hata senti moja? Mashine za kuchuma zilipungua? Hasira ilikuwa yetu, lakini aliyeigeuza alikuwa mwingine, na hakuna aliyekuwa ameandika maneno yake tangu mwanzo.

Msidhani kazi hii ni ya Wazungu wenye ofisi kubwa. Makhan Singh, aliyeanzisha Labour Trade Union of Kenya mwaka 1935, alikuwa mtu wa kutunza karatasi. Serikali ya kikoloni ilimfunga kizuizini tangu 1950 hata 1961. Alipotoka aliandika historia ya vyama vyetu, ikachapwa mwaka 1969. Karatasi zake ziko Chuo Kikuu cha Nairobi hata leo.

Kwetu katika stesheni kila treni huandikwa saa yake katika daftari. Ikitokea ajali, hakuna anayeuliza nani ana sauti kubwa. Daftari hufunguliwa.

Basi twaomba tawi hili linunue daftari moja. Yaandikwe maneno ya kila mtu ajaye kuomba kura, pamoja na tarehe na mahali. Ziwekwe karatasi anazogawa. Kila shamba likiuzwa, liandikwe jina la mwenyewe mpya. Uvumi usiingizwe hata kidogo, maana neno moja la uongo litaharibu kurasa mia za kweli.

Na siku atakapokuja mtu kukwambia kwamba adui yako ni jirani wa mstari wa pili wa chai, usimpige wala usimjibu kwa matusi. Mwulize jina lake, kisha uliandike.