Kuzaa Tena Baada ya Vasektomi: Nani Abebe Mzigo wa Tiba?

Mwanamume aliyefunga uzazi kwa vasektomi hakuacha kutengeneza mbegu. Kilichokatwa ni mirija inayozipeleka kwenye shahawa. Akifiwa na mke, au akioa upya na kutamani mtoto, ana njia mbili kuu: kuunganishwa mirija chini ya hadubini, au kutolewa mbegu korodanini kwa sindano, kisha mbegu moja ichomwe ndani ya yai katika maabara, mbinu ambayo watafiti wa Brussels waliitangaza mwaka 1992. Hoja yangu ni kwamba mke akiwa bado kijana na mwenye afya ya uzazi, kuunganisha mirija ndiko kufikiriwe kwanza.

Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1991 ulihusu wanaume 1,469 waliounganishwa mirija. Pale ambapo haikuwa imepita miaka 3 tangu vasektomi, mbegu zilirudi kwa asilimia 97 yao, na mimba ikapatikana kwa asilimia 76. Ilipopita miaka 15 au zaidi, viwango vilishuka hadi asilimia 71 na 30. Wapo wanaosema kwamba aliyechelewa hivyo aende maabara moja kwa moja. Lakini njia ya maabara humhamishia mke mzigo wa tiba: ni yeye anayedungwa homoni, anayevunwa mayai, na anayekabili hatari ya ovari kuvimba kupita kiasi, ilhali kasoro haiko mwilini mwake. Tena, wakitaka mtoto mwingine na hawana viinitete vilivyogandishwa, huanza upya. Mirija ikifunguka, wanaweza kuzaa zaidi ya mara moja bila tiba nyingine.

Pingamizi lenye uzito zaidi linahusu muda. Baada ya upasuaji, mbegu huweza kuchukua miezi kadhaa kurudi, na mimba ikachelewa mwaka au zaidi. Ubora wa mayai hupungua baada ya miaka 35, na kasi huongezeka kuelekea 40. Kwa mke wa miaka 39, au ambaye mirija yake mwenyewe ya uzazi imeziba, nakubali kwamba maabara ina haki ya kutangulia. Ndiyo maana mke apimwe kabla mume hajapasuliwa.

Wengine wanahofu kwamba kuzungumzia njia hizi kutawafanya wanaume waichukulie vasektomi kama jambo la muda. Jibu ni ushauri wa kweli: anayefunga aambiwe kwamba anafunga moja kwa moja, kwa kuwa hakuna tiba inayomhakikishia mtoto. Ila aliyebadilikiwa na maisha asifukuzwe kwa lawama. Kliniki zetu ziwakalishe mume na mke pamoja, ziulize umri wa mke, miaka iliyopita tangu vasektomi na idadi ya watoto wanaotamaniwa, ndipo zitaje gharama. Uamuzi unaoanza na pochi ya mume peke yake haujamtendea haki mwanamke atakayebeba mimba.